Mikono ya Mjomba Kwenye Waya

Mwezi uliopita nilikuwa nawapikia mafundi ujenzi huko Boko, kwenye nyumba ya ghorofa inayoelekea baharini. Siku moja akaja kijana na mashine ya upepo ya kufunga juu ya paa. Mimi nikiona kitu kimefunguliwa lazima nichungulie ndani, kwa hiyo niliacha sufuria ya maharage jikoni nikamwendea. Akanionyesha bila hiyana. Shingoni mwa ile mashine kulikuwa na pete mbili za shaba, upana wake kama bangili za mtoto, na juu ya kila pete kipande cha kaboni kimekandamizwa na springi. Kichwa kinageuka kinavyotaka, akasema, umeme unashuka kupitia kwenye pete, na waya wa chini hausogei. Akaniuliza kama nimeelewa. Nikamjibu kwamba nimeelewa tangu nina miaka tisa, nikamgeuzia mgongo kwa hasira ambayo hakustahili, na maharage nikayakuta yameshaungua.

Pete mbili tu. Baba yangu alikuwa nazo kopo zima. Alikuwa fundi wa kusuka mota, amezitoa kwenye mitambo mibovu ya watu na kuzitunza kwenye kopo la maziwa ya unga, na siku alipozihitaji alikataa kuzitumia kwa sababu aliyemshauri alikuwa mtu aliyemchukia. Nikiukumbuka utoto wangu, mchezo na wimbo haviji kwanza. Wanakuja watu wazima wawili waliochukiana, na mie katikati yao nikijiona nina akili kuliko wote.

Kama wewe ni rika langu unazikumbuka zile simu ndogo zenye tochi, na unakumbuka kwamba umeme haukufika kila mahali kwa siku moja. Kimbiji tulikoishi, nguzo ziliishia mbali sana, hata kabla ya kufika pale barabara ilipoanza kuharibika. Sie tulikuwa tunalinda kiwanja cha tajiri mmoja aliyekuja mara moja moja, akasimama kwenye kivuli cha gari lake, akatazama mikorosho kama ipo bado, akaondoka. Baba alikuwa ametokea Temeke baada ya kugombana na mwenye karakana. Alihama na vifaa vyake vyote, na nyumba yetu ilinuka vanishi ya mota kiasi kwamba hata wali ulikuwa na ladha hiyo. Watu walimwita Fundi Bakari. Mama aliitwa Mama Somoe, na Somoe ndiye mimi.

Mtu wa nne alikuwa mdogo wake mama, Mjomba Mfaume. Alikuwa mchonga vinyago kutoka Mtwara, amechonga mpingo hapa mjini miaka mingi mpaka wateja wakaisha. Alikuja kwetu kwa wiki moja na sanduku la patasi, akakaa mpaka chini ya sanduku pakaingia mchwa. Alikuwa mtu wa maneno machache, na baba alimchukia kwa hilo kwanza, kabla ya mengine. Mtu anayekula kwako na hasemi, baba alikuwa akimwambia mama, huyo anahesabu makosa yako.

Tulikula sinia moja, magoti ya baba na mjomba yakikaribia kugusana, lakini maneno yao yote yalipitia kwangu. Baba angesema, "Somoe, mwambie mjomba wako asogeze bakuli." Bakuli liko mbele ya mjomba na mjomba amesikia, ila halisogei mpaka mie niseme. Nikisema, mjomba anajibu, "Mwambie baba yako mchuzi umeisha." Nageuka na kumwambia baba mchuzi umeisha. Nilidhani kila nyumba inaishi hivyo, na nilijisikia mtu mkubwa.

Ile methali ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, baba hakuwahi kuitamka. Alinunua jembe jipya akaliegemeza kichwani pa mkeka wa mjomba. Mjomba akaamka, akalichukua, akaenda kupalilia mihogo, na jioni akalirudisha limeoshwa, akaliegemeza mlangoni pa baba. Mama akacheka jikoni. Baba alimsikia, na kwa siku tatu hakula alichopika mama.

Ndipo baba alipoamua kutengeneza umeme wake mwenyewe. Nadhani alitaka kitu kikubwa ndani ya kile kiwanja ambacho kingekuwa chake peke yake. Akachukua mota ya zamani, akaisuka upya, akaifunga mkia wa bati ili iufuate upepo. Mapanga ya kwanza ya kuzungushwa na upepo aliyakata kwenye bomba la plastiki, yakavunjika siku ya majaribio. Kesho yake asubuhi tukakuta mapanga matatu ya mbao mlangoni, laini kama mkono wa mwiko, yamepinda kidogo kuelekea nchani. Mjomba alikuwa ameyachonga bila kuombwa. Baba aliyageuza, akayapima uzito moja baada ya jingine, akatafuta kasoro, akaikosa. Akayafunga na hakushukuru. Watu wa Kimbiji wakaja kuangalia, wakaiita pangaboi la Fundi, na kila aliyekuja alipitisha kidole kwenye mbao na kuuliza nani kachonga. Baba alijibu swali hilo mara mbili. Mara ya tatu akaingia ndani.

Siku ya kuusimamisha mnara, bomba la chuma likiwa bado limelala chini, mjomba alisema na baba moja kwa moja, bila kupitia kwangu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mingi. "Shemeji, upepo wa hapa unageuka usiku. Huo waya utajisokota. Weka zile pete za kwenye kopo."

Baba akasimama wima ili watu wote wasikie. "Umesomea wapi upepo, shemeji? Huko kwenu Newala?" Watu wakacheka. "Hapa upepo unatoka baharini. Una kwingine pa kutokea?"

Mjomba akakamata kamba, akavuta pamoja na wengine.

Nieleze jinsi ilivyokuwa, kwa sababu kila kitu kilichofuata kilitokea hapo. Mashine nzima iligeuka juu ya mnara kuufuata upepo. Waya ulitoka kwenye mota, ukaingia mdomoni mwa bomba, ukaning'inia ndani yake mpaka chini, ukachomoza kwenye tundu lililokuwa usawa wa kiuno cha mtu mzima. Hapo baba alifunga plagi, na kutoka kwenye plagi umeme ukaingia nyumbani kwenye betri ya gari. Kichwa kikigeuka, waya unageuka nacho, na kwa kuwa chini umeshikwa na plagi, unajisokota.

Lakini mie sikulijua hilo. Niliamini umeme ni kama maji, unamwagika kutoka juu na kuteremka ndani ya waya, na nilikuwa nimeuona mpira wa maji ukikunjwa na maji yakikata. Kwa hiyo katika akili yangu mtu akiupinda waya anazuia mwanga usifike. Nilibandika sikio kwenye lile bomba la chuma nikalisikia linaunguruma, nikaapa kwamba ninausikia umeme ukishuka. Taa yetu ya kwanza ilikuwa nyeupe, kali, ikionyesha kila mpasuko wa ukuta, na watu waliacha simu zao kwetu zichajiwe. Baba alitembea tofauti. Kwa muda kidogo hata sinia lilikuwa na amani, amani ya watu walioacha kugombana kwa sababu mmoja ameshinda.

Alfajiri moja nilitoka kwenda haja, nikamkuta mjomba mnarani. Alikuwa ameichomoa plagi, waya uko katikati ya viganja vyake, anausugua kama watu wanavyosokota kamba ya ukindu mapajani. Alikuwa anafanya polepole, akitazama juu. Nikamuuliza, "Unafanya nini, mjomba?"

"Nenda kalale."

Nilimwona tena siku nyingine, na nyingine. Kila mara nilisimama nyuma ya pipa la maji nikatazama mpaka aliporudisha plagi. Sikumuuliza tena. Mimi ni mtu wa maswali, walimu walinichapa kwa hilo kabla sijaacha shule, na mtu akinijibu nenda kalale namwekea kinyongo. Nilikiweka kinyongo changu vizuri kabisa, kikapata uzito.

Kisha mjomba akashikwa na homa. Alilala mkekani wiki nzima, meno yanagongana, mama akimlisha uji. Siku ya mwisho ya wiki hiyo tulisikia harufu ya plastiki inayoungua, halafu moshi ukatoka kwenye lile tundu la mnara, na ndani betri ikaanza kutokota kama chungu. Baba alikata waya kwa panga. Taa ikazimika, simu za watu zikabaki zimelala juu ya meza, na baba akapanda. Alivuta waya wote akautupa chini. Ulikuwa umejikunja wenyewe kwa wenyewe kama utumbo wa kuku, na kule juu, uliposuguana na mdomo wa bomba, ganda lilikuwa limeisha na shaba zimegusana.

Baba aliutazama. Akasema kwa sauti ya chini. "Huu si upepo. Huu ni mkono wa mtu."

Hakutaja jina, hakukuwa na haja. Mama alikuwa mlangoni na bakuli la uji mkononi. Akamwambia baba kwamba mtu mwenyewe yuko hoi. Baba akasema homa ya mchana inajulikana, usiku inapona. Wakagombana jioni nzima, na mwishowe baba akasema wazi: Mfaume atoke, leo au kesho. Mama akaweka bakuli chini. "Ndugu yangu hatoki humu kwa maneno yako. Lete shahidi. Ukileta shahidi, mie mwenyewe nitamfungia mzigo."

Nilikuwa nimekaa palepale, nikavuta pumzi kama mtoto aliye darasani wakati mwalimu ameuliza swali na yeye peke yake anajua jibu. Hakuna aliyenituma. Nilinyoosha mkono kabisa, kweli niliunyoosha. "Mie nilimwona."

Kesho yake mchana mjumbe wetu wa nyumba kumi akaitwa. Aliitwa Mama Joyce, mama wa kutoka bara, mlokole, hodari wa kumaliza kesi haraka kwa sababu alikuwa na duka la kuangalia. Alikaa kwenye kiti, sisi kwenye mkeka, mjomba ameegemea ukuta na shuka mabegani. Majirani wenye simu zao walisimama pembeni. Nilimpa Mama Joyce shikamoo, akaniitikia, akamgeukia mjomba. "Mfaume, mwenzio anasema unamharibia waya."

"Kuugusa, naugusa. Kila alfajiri naufungua. Unajisokota wenyewe."

"Wenyewe," baba akasema. "Una kichaa huo waya?" Majirani wakacheka, mmoja akaongeza kwamba hata wa kwake nyumbani unacheza ngoma.

Mama Joyce hakucheka. Akamuuliza mjomba kwa nini hakumwambia mwenye nyumba.

"Nilimwambia siku ya kwanza. Akaniuliza nimesomea wapi. Nakula kwake, mama. Ningemwambia mara ya pili nini?"

Nilimwona baba anakosa pa kuweka macho. Nadhani hapo angeweza bado kurudi nyuma. Lakini Mama Joyce akaniita nisogee, akanishika bega. "Mwanangu, usiogope mtu. Uliona nini?"

"Nilimwona anausokota."

"Anausokota au anaufungua?"

Nikaonyesha kwa viganja, kimoja juu ya kingine, kama nilivyoona. Wote wakavitazama, na mama zaidi ya wote. Mikono inayosokota na mikono inayofungua inafanana, tofauti ni upande tu, na upande sikuwa nimeuangalia. Nilijua kwamba sikuuangalia. Pia nilijua kwamba nikisema sijui, watu watageuka na kuacha kunitazama. "Anausokota," nikasema.

Hakuna aliyeniuliza ni siku gani. Mjomba niliyemwona alikuwa mzima, na waya uliungua akiwa amelala wiki nzima na homa. Mtu mmoja angeuliza hilo, kesi ingeishia hapo. Mama Joyce alisema mtoto wa umri huo hana sababu ya kusingizia, akaagiza wayamalize kifamilia bila kupigana, akarudi dukani.

Mama alitimiza alichosema. Aliukunja mkeka wa mjomba, akafunga nguo zake kwenye kanga, akaliweka juu yake sanduku la patasi. Hakulia. Alimwambia, "Nilikutetea mbele ya mume wangu," basi. Mjomba akamwambia, "Dada, nilikuwa naufungua." Mama akaingia jikoni. Nilisimama njiani nikidhani mjomba atanipiga, na nilikuwa tayari kupigwa. Alinipita kama anavyopita kuku. Aliondoka bado anatetemeka kwa homa, sanduku kichwani. Hatukumwona tena. Nimewauliza wachongaji wengi tangu hapo, Chamazi na kwingineko, kila ninapokaa mwezi mmoja miwili kabla miguu haijaniwasha, na wapo waliomjua zamani. Anayejua alikoishia sijampata.

Baba alitia waya mpya na betri nyingine. Baada ya siku chache akapitisha mkono kwenye tundu la mnara, akaukuta waya umejikunja. Mjomba hakuwepo. Mtu mwingine angekaa chini akafikiri. Baba alisema, "Ameacha kitu," akachukua jembe, lile lile jipya, akachimba kuuzunguka mnara kutafuta hirizi. Alipata kifuniko cha chupa na mfupa wa kuku. Akavichoma moto, mama akisimama pembeni na kusoma dua, na mie nikavitazama vikiungua. Mfupa ule niliufukia mwenyewe baada ya sikukuu, nikicheza.

Ndipo nikafanya nilichopaswa kufanya mapema. Nilikaa chini ya mkorosho tangu mchana mpaka jua likazama, nikiutazama mkia wa bati. Mchana ulielekea nchi kavu, kwa sababu upepo ulitoka baharini kama baba alivyosema. Jioni ukaanza kusogea. Nilipoamka alfajiri kabla ya wengine ulikuwa umeelekea baharini, upepo wa baridi ukitoka mashambani, wenye harufu ya majani na moshi. Asubuhi, jua lilipopanda, ukaendelea kwa upande uleule mpaka ukafika ulikoanzia. Haukurudi nyuma. Siku moja, mzunguko mmoja, na waya umesokotwa mara moja. Nilitazama siku ya pili, kisha ya tatu. Baba alikuwa analala wakati upepo unageuka. Mjomba alikuwa macho.

Kusema ndiko kulikonishinda. Niliyeunyoosha mkono bila kuitwa, sasa sikuweza hata kufungua mdomo. Nikachagua njia ya mwizi. Alfajiri nikaenda mnarani, nikaichomoa plagi, na waya ukaniponyoka. Ulijizungusha wenyewe hewani, kwa nguvu, kama kamba ya kisima ndoo inapoachiwa, ukanichapa kidoleni. Haukuhitaji kusokotwa wala kufunguliwa. Ulihitaji mtu wa kuushika tu, usiende kwa fujo ukakatika. Nikaelewa kwa nini mjomba alikuwa anafanya polepole.

Nilifanya hivyo kwa siku kadhaa. Baba akasema uchawi umekatika.

Siku aliyonikuta alikuwa na msuli na kopo la maji ya kutawadhia. Waya ulikuwa katikati ya viganja vyangu. Sikuuacha, kwa sababu ningeuacha ungeruka. Alikaribia, akaweka kopo chini, akanyoosha mkono, na mie nikampa. Akauachia kidogo. Ukazunguka kiganjani mwake, raundi moja nzima, peke yake, ukatulia. Akatazama juu kwenye mkia wa bati, ulikoelekea. Akatazama upande wa mashamba, upepo ulikotoka. Alikuwa fundi mzuri, baba yangu. Hakuhitaji kuelezwa.

"Yeye naye," akauliza, "alikuwa anauzungushia upande huu?"

"Sijui, baba. Sikuangalia upande."

Alinitazama mpaka nikaogopa. Halafu akairudisha plagi mwenyewe, akaibana, akachukua kopo lake. "Kazi hii utakuwa unaifanya wewe. Na mama yako asijue."

Zile pete hakuziweka hata baada ya hapo, maana angeziweka angeulizwa kwa nini.

Asubuhi ile mama alimimina chai kama siku zote. Akauliza, kama mtu anayeuliza habari ya mvua, taa sasa zinaendeleaje. Baba alikuwa anamega muhogo. "Si nilikwambia," akasema. "Tangu atoke yule, mambo yametulia."

"Alhamdulillahi," mama akasema, akimshukuru Mungu kwa kuondoka kwa mdogo wake, tumbo moja, ziwa moja. Akanisogezea kikombe. Baba alikuwa ananitazama. Nikanywa.